Shuka za Lowell Tiedemann

Lowell Tiedemann alikuwa mtu wa kuitwa. Trela la mtu likivuja darini, anaitwa Lowell. Ngazi ya mlangoni ikilegea, feni ikigoma, mpira wa maji ukipasuka asubuhi ya baridi, watu hawakumpigia simu fundi wa mjini. Walivuka njia wakamgongea Lowell, naye alitoka na kisanduku chake cha spana kabla hujamaliza kueleza. Kwao Iowa alikuwa ameendesha mabasi ya shule na kuyatengeneza mwenyewe mpaka alipostaafu, na hapakuwa na kitu chenye magurudumu kilichomtisha.

Yeye na mkewe Ardis waliuza nyumba yao, wakanunua trela refu la kuvutwa na pikapu, wakawa wanaishi humo mwaka mzima. Kiangazi walikaa huko huko Iowa, uani kwa binti yao Rochelle. Baridi ikianza walishuka Texas, kwenye kambi yetu ya Mission, karibu na mto wa mpakani, ambako mwezi wa Januari mtu anakula balungi alilochuma kwa mkono wake huku nduguze wa kaskazini wakizoa theluji kwa koleo. Hapa kambini sote ni wazee, karibu sote tumetoka huko juu, na tunaishi mlango kwa mlango. Ukipiga chafya ndani, jirani anakuombea afya kupitia dirishani.

Mwaka ule walichelewa kushuka, na Lowell alipofika alikuwa amepungua mwili. Tulijua kwamba kiangazi alipasuliwa tezi dume, kwa sababu kanisani tuliombwa tumkumbuke, na tulijua kwamba saratani ilitolewa yote. Tulimshika mkono, tukampongeza. Tusilolijua ni kwamba upasuaji ule ulimwacha hawezi kuzuia mkojo. Mchana alivaa kitambaa cha kunyonya ndani ya suruali, na popote alipokwenda alitafuta kwanza choo kiko upande gani. Usiku, akipitiwa na usingizi, aliamka shuka zimelowa.

Daktari alimwambia kwamba hali hiyo huwapata wengi, kwamba itapungua polepole, kwamba kuna mazoezi ya kufanya. Lowell aliyasikia yote hayo. Lakini lililomkaa kichwani lilikuwa neno moja la utotoni: kikojozi. Ndilo jina walilomwita mdogo wake, marehemu Dwight. Mama yao, akiisha kukasirika, alimsimamisha Dwight uani karibu na godoro lake wakati basi la shule linapita. Lowell alikuwa ndani ya basi hilo, na wenzake walipocheka, naye alicheka.

Kati yake na Ardis halikusemwa lolote. Asubuhi Ardis alitandua kitanda, akatandika shuka nyingine, akatia zile chafu kapuni na kuzifunika kwa taulo, akabeba kapu mpaka chumba cha kufulia cha kambi. Hakuguna wala hakukunja uso. Lowell alikaa mezani na kahawa yake, akijifanya anasoma habari za hali ya hewa, mpaka mlango ulipofungwa.

Sasa, chumba kile cha kufulia ni zaidi ya mashine. Ndipo wanawake wa kambi wanapokutana, kila mmoja na siku yake, wanakunja nguo na kuzungumza. Mtu mmoja hawezi kuja kila asubuhi na mzigo wa shuka bila kuonekana.

Bonita Vosburg, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeanza. "Shoga, na leo tena? Hizo shuka utazichubua."

"Nimezoea kulalia shuka safi," Ardis alijibu. "Uzee umenitia anasa."

"Basi uniazime na mimi hiyo anasa. Merle wangu ningemwachia, angelala kwenye gunia."

Wakacheka, yakapita. Lakini Ardis alipomsimulia mumewe, kwa nia ya kumchekesha, Lowell aliweka kikombe chini. Jioni hiyo hiyo alisema atafunga mashine ndani: ya kufulia chini, ya kukaushia juu yake, zikae chumbani mle mle kwenye kabati la nguo. Wenye kiwanda waliolitengeneza trela walikuwa wameacha mabomba mawili ya maji na tundu la maji machafu nyuma ya kabati, kwa ajili ya atakayetaka siku moja.

"Nguo zangu zitakwenda wapi?" Ardis aliuliza.

"Tutatafuta mahali."

Ardis aliangalia kabati, akaangalia kitanda, akasema, "Sawa. Chukua nafasi yote unayohitaji."

Kesho yake alitoa magauni yake moja moja, akaweka kando matatu, yaliyobaki akayakunja ndani ya boksi akayapeleka kwenye duka la hisani la kanisa. Kulikuwa na la buluu alilovaa kwenye harusi ya Rochelle. Lowell aliliona juu ya boksi. Alitaka kumwambia alibakishe, lakini angelazimika kusema na sababu ya kabati kubomolewa, basi akachukua bisibisi.

Mashine zilipofika katika maboksi makubwa, kambi nzima iliziona. Jumamosi huwa tuna kahawa na donati ukumbini, na wanaume wana meza yao. Gene Hrabik hakumngoja Lowell akae. Gene alikuwa mnunuzi wa nguruwe huko Nebraska, amezoea kupiga kelele mnadani, na hajawahi kupunguza sauti.

"Nasikia unafungua udobi chumbani, mzee."

"Kimashine tu cha nyumbani," Lowell alisema.

"Kwani za kambi zina kasoro gani? Au bibi kagombana na wenzake?"

"Hapana. Lile kapu ni zito. Mgongo wake unamsumbua."

"Mgongo upi? Juzi nimemwona anacheza densi na Merle mpaka Merle akaomba maji." Meza ikacheka. Merle, mume wa Bonita, mfugaji wa zamani asiye na maneno mengi, akatikisa kichwa kukubali. Gene akaendelea, "Na wanawake wanasema ni shuka, kila siku shuka tu. Hebu tuambie, Lowell, mnafanya nini humo ndani? Wenzako tumesahau, tukumbushe."

Walicheka mpaka meza ya wanawake ikageuka. Lowell angeweza kucheka nao. Angeweza kusema ni mambo ya nyumbani kwake, na yangeishia hapo. Lakini masikio yalikuwa yanawaka moto, na chini ya meza alihisi kile kitambaa kimeanza kuwa kizito, na akaona kama kila mtu anakijua. Akainama mbele, akashusha sauti.

"Jamani, msimcheke Ardis. Ni umri. Usiku hawezi kujizuia."

Kicheko kilikatika pale pale. Gene akarudisha donati yake kwenye sahani. "Nisamehe, bwana," alisema, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua kama anayo. "Sikujua."

"Basi yaishie hapa."

"Yameisha, ndugu yangu."

Lowell alipotoka pale alijisikia mwepesi. Alikuwa amefika kwenye masanduku ya barua wepesi ulipomtoka. Alisimama, akiwa ameshika mlango wa sanduku lake, na hakukumbuka alitaka kuchukua nini.

Bila shaka hayakuisha. Wanaume waliwaambia wake zao ili wasimtanie Ardis, na wake zao waliambiana kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Jioni ya domino, Ardis alikuta kiti kilicho karibu na choo kimeachwa wazi, na kila alipotaka kukaa kwingine, mtu alimwambia, "Kaa hapa mama, hapa pana nafasi." Walipokwenda mjini kununua mahitaji, mke wa Gene, kabla Ardis hajapanda, alitandika taulo juu ya kiti cha gari, akalilainisha kwa kiganja, akatabasamu. Ardis alilitazama lile taulo. Kisha akapanda, akalikalia, akafunga mkanda.

Siku iliyofuata Bonita alimletea mfuko wa zawadi wenye utepe. Ndani mlikuwa na pakiti ya pampasi za watu wazima na kopo la biskuti.

"Usione haya, shoga," Bonita alimwambia mlangoni. "Dada yangu alizitumia miaka. Hizi ndizo nzuri, hazipigi kelele ukitembea."

Ardis alirudi ndani. Lowell alikuwa amepiga magoti, nusu ya mwili ndani ya kabati, anakaza ubao mnene wa sakafuni utakaobeba uzito wa mashine. Alisikia kitu kimewekwa juu ya meza, akatoka kinyumenyume.

"Nini hicho?"

"Bonita kaniletea."

Akafungua mfuko akaona.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimshukuru." Ardis alikuwa amegeukia sinki, anaosha viazi. "Unataka vya kuponda au vya kuoka?"

Lowell alisema vya kuponda. Alingoja aongeze neno. Alingoja wakati wa chakula, alingoja wakati wa kuosha vyombo. Angekemewa, angejua la kufanya; angejitetea kidogo, kisha angeomba radhi. Ardis alikausha sahani akawasha televisheni. Usiku huo Lowell alizivaa zile pampasi, kwa kuwa zilikuwa nzuri kuliko zake kama Bonita alivyosema, na asubuhi shuka zilikuwa kavu. Hata hilo hawakulizungumzia.

Tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alitoboa ukuta wa nje wa trela kwa ajili ya bomba la kutolea hewa ya moto ya kukaushia, kazi ambayo kwa kawaida angeipima na kuipima tena, kwa maana ukuta wa trela ukishatobolewa vibaya haurudi. Safari hii alipima mara moja akakata. Alipata bahati, tundu likatoka sawa. Akatandika sinia la plastiki la kukinga maji, akaunganisha mipira ya maji moto na baridi. Halafu ikabaki kuingiza mashine zenyewe, na hapo hapakuwa na ujanja. Mlango wa trela ni mwembamba. Ilibidi aung'oe kwenye bawaba zake, na ilibidi awaite wenzake wamsaidie kubeba.

Walikuja Merle na Gene. Walibeba ya kufulia kwanza, hatua kwa hatua, Gene akitukana kila kona, wakaitelezesha mpaka mahali pake. Kisha wakainua ya kukaushia, wakaikalisha juu ya mwenzake kwenye vile vyuma vya kuziunganisha. Ilibaki kuifunga ya juu ukutani kwa mikanda ya chuma, isije ikaanguka.

Ardis aliingia na birika la chai ya barafu. Gene akaruka kumpokea.

"Usijisumbue mama, kaa chini. Wewe pumzika tu. Tunakufungia mashine yako sasa hivi, na hutabeba tena kapu wala kukutana na macho ya watu."

"Ahsante, Gene," Ardis alisema.

"Na usijali kabisa. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo, na sote tulimheshimu."

"Una moyo mzuri, Gene."

Lowell alikuwa nyuma ya mashine, ameshika drili. Alimwona mkewe akimimina chai kwenye glasi, mkono umetulia, akimpa Gene, akimpa Merle. Alishindwa kuendelea kutazama.

"Basi jamani, mmenisaidia sana," alisema. "Iliyobaki ni ndogo. Nitaimalizia mwenyewe."

"Hujafunga ya juu," Merle alisema.

"Nitaifunga."

"Na zile bolti za nyuma? Kuna karatasi nyekundu pale inasema..."

"Merle, nimesema nitaimalizia."

Merle alimtazama, akaweka glasi, wakatoka. Ardis naye alitoka nyuma yao kwenda kumwagia maji mche wake wa limau.

Karatasi nyekundu ilikuwa inahusu bolti za safari. Mashine ya kufulia ikisafirishwa kutoka kiwandani, pipa lake la ndani hukazwa kwa bolti ndefu lisigongegonge njiani, na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza lazima zitolewe. Mtu aliyefungua injini za mabasi maisha yake yote hakuhitaji kuambiwa hivyo. Lakini Lowell alitaka jambo moja tu, nalo ni kwamba kazi iwe imekwisha, mlango uwe umefungwa, na watu wakome kumhurumia mkewe. Alisukuma mashine nyuma mpaka karatasi nyekundu ikabanwa ukutani. Akachukua shuka na pajama zake zilizokuwa zimerundikana kapuni tangu vurugu la kazi lianze, akazitia, akamwaga sabuni, akawasha. Aliona mikanda ya ukutani ataifunga huku mashine ikifua.

Mwanzoni ilinguruma vizuri, maji yakaingia, nguo zikageuka. Lowell alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama, na kwa muda mfupi akafurahi kama fundi. Kisha pipa likaanza kuzunguka kwa kasi kukamua.

Sisi tuliokuwa nje tulisikia kwanza, halafu tukaona. Trela zima lilianza kutikisika. Vikombe viligongana kabatini, taa ya nje ikacheza, miguu ya chuma inayolishikilia ikalia kwa kukwaruza zege. Watu walitoka kwenye vibaraza vyao.

"Haya, Lowell," Gene alipaza sauti kutoka ng'ambo ya njia, "kumbe densi ya juzi ilikuwa utangulizi tu."

Watu wakacheka. Kisha Ardis akatokea nyuma ya trela na kopo lake la kumwagia maji, na kicheko kikayumba, kwa sababu kama Ardis yuko nje, ndani kuna nini?

Ndani, mashine ya juu ilikuwa inachuchumaa na kuruka kwenye vyuma vyake, inateleza mbele kidogo kidogo. Lowell alirukia akaikumbatia kwa mikono miwili, akaweka bega. Ilimtikisa mpaka meno yakagongana. Swichi ilikuwa chini, karibu na goti lake, lakini akiachia mkono mmoja, mashine ingemwangukia. Halafu mpira wa maji machafu, ambao nao hakuufunga, ukaruka kutoka kwenye tundu lake, ukaanza kumwaga maji ya shuka sakafuni. Yalimpanda kwenye viatu, yakaelekea jikoni, yakashuka ngazi za mlangoni mbele ya macho ya watu, yakiwa na povu.

Alijaribu kuvumilia. Mwishowe aliita, na haikuwa sauti ya Lowell tuliyemzoea.

"Njooni. Nisaidieni. Jamani, njooni."

Merle alikimbilia nguzo ya umeme ya nje akazima swichi kuu. Gene aliingia, akashika mashine ya juu upande wa pili, wakairudisha nyuma pamoja mpaka ikakaa. Bonita alikuja na taulo zote alizokuwa nazo, na wengine watatu wanne nyuma yake wakisimama mlangoni. Lowell aliteleza akapiga magoti ndani ya maji. Suruali ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na hakuna aliyeweza kujua maji yale ni yapi, hata yeye mwenyewe.

Ardis alipita katikati ya watu, akaingia. Aliangalia sakafu, zulia lake, na yale magauni yake matatu yaliyobaki yamedondoka majini. Bonita akamshika mkono.

"Pole, shoga. Usione haya mbele yetu. Ni shuka tu. Sote tunaelekea huko huko, leo wewe, kesho mimi."

Ardis alifungua mdomo, na Lowell alijua anataka kusema nini. Alikuwa anataka kusema ahsante.

"Ni mimi," Lowell alisema.

Bonita alidhani anazungumzia mafuriko. "Ajali haina mwenyewe, Lowell."

"Sisemi maji. Ninayekojoa kitandani ni mimi. Tangu nipasuliwe. Ardis hana kitu. Ardis hajawahi kuwa na kitu. Nilimsingizia pale mezani, na mashine hii ni yangu mimi."

Alisema hayo bado amepiga magoti, macho kwenye viatu vya Bonita. Gene, ambaye siku zote ana la kusema, alikuwa ameshika mashine ya kukaushia kama vile ingeanguka, ingawa ilikuwa imezimwa. Merle alichukua taulo akaanza kukausha sakafu, na wengine, kwa kukosa la kufanya, wakainama nao.

Ardis hakuinama. Alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze uso wake ulibadilika.

"Nimekalia taulo la watu," alisema. "Ndani ya gari, Lowell. Walinitandikia taulo kama mbwa aliyetoka mtoni, nami nikalikalia. Nikasema moyoni, huyu anaumwa, atalitengeneza mwenyewe, mpe siku mbili. Kila siku nilikupa siku mbili nyingine."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeweza kula viazi vyangu."

Akageuka akatoka, Bonita akamfuata. Alikaa kwa Bonita mpaka jioni. Mke wa Gene alikwenda huko huko, na nasikia alilia, na ni Ardis aliyembembeleza.

Lowell alibaki na Merle. Walivuta mashine mbele, karatasi nyekundu ikaonekana, Merle akaisoma, akampa spana. Lowell alitoa bolti. Walifunga mikanda ukutani, wakaukaza mpira wa maji machafu kwa kibanio cha chuma, wakapima kwa pimamaji mpaka kiputo kikakaa katikati. Walipowasha tena, mashine ilizunguka kimya. Merle alisema, "Sasa iko sawa," akaondoka. Lowell alikaa kitandani akisubiri nguo zake zikauke. Alisema baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri namna ile na kutamani hivyo kutoonekana.

Ardis aliporudi, Lowell alimwomba msamaha. Ardis alijibu kwamba amesikia. Siku nyingi zilipita kabla hajasema kwamba amesamehe, na alipolisema, walikuwa wanamenya balungi barazani, na alilisema kama mtu anayekumbuka jambo alilosahau kulifanya.

Ningependa kusema kwamba kambi ilikuwa na huruma na Lowell kama ilivyokuwa na Ardis. Si kweli. Mwanamke akidhaniwa ni mgonjwa alipewa biskuti. Mwanamume aliyemsingizia mkewe alipewa nafasi kubwa sana ukumbini. Kuna waliomlaumu kwa uongo, na kuna waliocheka mkojo, na wengine walifanya yote mawili. Kwa muda hakuna aliyekuja kumgongea. Choo cha Gene kiliziba, Gene akaita fundi wa mjini. Lowell aliliona gari la yule fundi likipita mbele ya dirisha lake, akavuta pazia.

Alijifunza kufua. Kila asubuhi alitandua kitanda mwenyewe, akatia shuka, akapima sabuni, akazikunja zikiwa bado na joto, vibaya mwanzoni, kisha vizuri kidogo. Ardis hakuitumia ile mashine. Siku yake ya kufua aliweka nguo zake kapuni akaenda kule kwa wenzake, ambako sasa alikaa kiti chochote alichotaka. Wiki moja Lowell alilibeba lile kapu. Mkewe hakumwomba, wala hakumkataza. Alilifikisha mpaka ndani, wanawake wakaacha kukunja nguo. Alisimama na kapu mikononi, hajui aamkie vipi.

"Liweke pale, Lowell, karibu na dirisha," Bonita alisema mwishowe.

Akaliweka, akasema asubuhi njema, akatoka. Njia nzima ya kurudi shingo ilikuwa moto.

Majira ya kuchipua walipakia wakaelekea kaskazini. Mashine zile hazikuyumba hata kwenye barabara mbovu. Tatizo la Lowell lilikuwa limepungua kidogo kwa yale mazoezi ya daktari, ingawa si kila usiku. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyotokea Iowa, aliporudi baridi iliyofuata na kunikuta nahangaika na kufuli la mlango wangu.

Rochelle aliwapokea uani, akawakumbatia, akaingia kulitazama trela kama afanyavyo kila mwaka. Akafungua kabati. "Mama, hatimaye umepata mashine yako. Baba, umefanya vizuri, mama amestahili hii miaka mingi."

Ardis alikuwa ameketi mezani anavua viatu. Hakuinua kichwa. Lowell aliona kwamba hatasaidiwa, na kwamba akinyamaza tu, jambo lingepita kama alivyotaka lipite mara ya kwanza. Aliniambia kwamba ilikuwa vigumu kuliko mbele ya kambi nzima, kwa sababu safari hii hakuwa ndani ya maji na hakuna kilichomlazimisha.

"Si ya mama yako," alisema. "Ni yangu, mwanangu. Tangu operesheni nalowesha kitanda. Kule Texas niliwaambia watu ni yeye."

Rochelle alimtazama mama yake, akamtazama baba yake. Ndiye mtoto ambaye Lowell alimpeleka shule kwa basi lake mwenyewe, binti akikaa kiti cha nyuma ya baba yake kila asubuhi. Sasa alifunga mlango wa kabati polepole.

"Uliwaambia ni mama?"

"Ndiyo."

"Baba."

Hakuongeza neno. Lowell alisema angependelea angeongeza. Baadaye kidogo Rochelle aliuliza kama wamekula, na Ardis akasema bado, wakatoka wote watatu kuelekea jikoni, Lowell akiwa wa mwisho.